HP5 Plus: filamu ya mtu anayetembea bila haraka

Twende moja kwa moja. Ilford HP5 Plus ni filamu ya nyeusi na nyeupe, ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga), na kama unapiga picha za mtaani kwa ajili ya kutuliza kichwa kuliko kutafuta likes basi anza na hii na usihangaike na nyingine kwa muda mrefu. Sio kwamba ndo kali kuliko zote, hapana, ziko zenye chenga (zile punje punje zinazoonekana kwenye picha) ndogo zaidi na ziko zenye weusi mzito zaidi, ila ukiwa barabarani hii ndo inakusumbua kidogo kuliko zote, na kwa kazi hii kutosumbuliwa ndo kila kitu.

Kwa wanaopenda historia, Ilford ni jina la Uingereza la tangu 1879, ukoo wa HP ulianza miaka ya 1930, na hii ya Plus ilitoka 1989 na mpaka leo bado inatengenezwa. Unaipata kwenye kopo la 35mm la picha 24 au 36, ipo ya 120 kwa zile kamera za negativu kubwa, na kuna roli la mita 30.5 kwa wale wanaojaza makopo wenyewe. Mi natumia ya 36, sina haja ya makuu.

Sasa kinachonifanya niipende ni kwamba haina kinyongo. Ukikosea mwanga ukazidisha stopu moja (kila stopu ni mwanga mara mbili), hata mbili, bado unapata picha ya maana, na hiyo inabadilisha kabisa namna unavyotembea na kamera. Jua kali la wazi naweka f/16 (tundu la lenzi likiwa dogo) na shata 1/500 ya sekunde, nikiingia kivulini nafungua mpaka f/5.6, basi, kipima mwanga nasahau kama kipo. Lenzi yangu ni ya milimita 35, naiweka f/8 na umbali wa mita 5, hapo kuanzia kama mita 2 na nusu mbele yangu mpaka kule mwisho wa barabara kila kitu kinatoka kinasomeka. Maana yake ni nini? Maana yake kamera imeshamaliza kazi yake kabla hujaiinua, iliyobaki ni yako wewe kuangalia tu, na kuangalia ndo kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani, jaribu kusimama kona moja robo saa bila kutoa simu mfukoni ndo utajua.

Watu wakisikia habari ya kutafakari wanafikiria mtu kakaa kafumba macho. Hii ni kinyume chake, macho yako wazi kupita kawaida, ila hutafuti kitu. Na hapa ndo nyeusi na nyeupe inasaidia kweli, sio kwa sababu inaleta ule muonekano wa zamani (hiyo hoja imenichosha, kama unataka uzamani tu weka filta kwenye simu) bali kwa sababu inakunyang'anya kile kitu ambacho jicho hukimbilia kwanza. Shati jekundu katikati ya majani mabichi kwa macho linapiga kelele, kwenye filamu hii mara nyingi wekundu na ukijani vinaangukia kijivu kinachokaribiana na lile shati linapotea kabisa. Ukishaijua hiyo unaacha kufukuza mashati, unaanza kuona taa inaangukia wapi, mkono wa mtu umekaaje, nafasi iliyopo kati ya watu wawili wanaosubiri basi na hawafahamiani. Inachukua muda kidogo kichwa kuzoea, alafu kikishazoea unajikuta unaona kijivu hata siku ambayo hujabeba kamera.

Nikupe mfano. Kulikuwa na ukuta umepigwa jua nusu, nusu nyingine kivuli kizito, nikasimama pale nikisubiri nisijue nasubiri nini. Akapita jamaa kabeba kioo kikubwa cha kujitazamia, kakikumbatia mbele ya kifua, yaani yeye kaingia kwenye kivuli lakini kioo kimechukua mbingu yote na mawingu yake. Nikapiga moja tu. Sasa kuja kuitoa filamu kwenye tangi la kusafishia ikiwa bado mbichi inadondosha maji, nikaishika kwenye taa: kwenye negativu, ambako mwanga na giza vinageuzwa, lile pande la mbingu limekuwa jeusi tii, kivuli kimekuwa karibu uwazi, na ndani ya ule uwazi bado unaona vidole vyake vinne vimeshika ukingo wa kioo. Hapo ndo uvumilivu wa HP5 unapoonekana, mwanga mkali na kivuli kwenye fremu moja na vyote viwili vina habari ndani yake. Kuna kamera za kidijitali ukizipigia mwanga kama ule mawingu yanaungua yanabaki doa jeupe na hakuna cha kurudisha.

Kuna na hili la kutoona picha papo hapo. Ukiwa na kioo nyuma ya kamera unapiga, unainamisha kichwa kuangalia, na wakati umeinama ndo kitu chenyewe kinapita. Filamu haina pa kuinamia. Garry Winogrand, yule Mmarekani wa picha za mitaa ya New York, alikuwa anaacha filamu zake zikae muda mrefu kabla ya kuzisafisha, makusudi, ili asahau alikuwa na furaha gani alipopiga na azichague kwa ubaridi, na alivyofariki 1984 aliacha mikanda kama 2,500 haijasafishwa kabisa, hiyo nayo bana ilikuwa imezidi. Ila wazo lake nalikubali. Picha uliyoisahau unaiangalia kama ya mtu mwingine, huioneshi huruma.

Haya, upande wa pili. Siku ya mawingu mazito isiyo na vivuli, HP5 inatoka kijivu kijivu, imelala, haina uhai, na kama ulikuwa unategemea weusi wa kutisha moja kwa moja kutoka kwenye kopo hutaupata. Tri-X ya Kodak, ambayo nayo ni ISO 400, kwa macho yangu ina ngumi zaidi hapo. Dawa yake ni mbili. Kwanza filta ya njano kwenye lenzi, ikiwepo bluu yoyote angani inaishusha kidogo na kutenganisha mawingu, mimi haitoki kabisa, ila ile nyekundu inakula kama stopu 3 na mtaani hiyo ni hasara. Pili ni kuisukuma, yaani unaipiga kama vile ni ISO 1600 alafu unaisafisha kwa muda mrefu zaidi. Kwenye ID-11, dawa ya kusafishia ya Ilford, isiyozimuliwa, nyuzi 20, ya 400 inachukua dakika 7 na nusu, ya 1600 inakwenda dakika 14. Chenga zinanenepa, weusi unashuka chini, sura za watu usiku chini ya taa ya duka zinatoka na ule ukali wake, na mi nazipenda chenga hizo kuliko za kompyuta maana hazijapangwa sawasawa. Wengine wanaona ni uchafu, sawa, hatugombani.

Tahadhari moja kubwa: hii sio filamu ya kupeleka kwenye mashine ya kusafishia filamu za rangi. Dawa ya C-41, yaani hiyo ya filamu za rangi, inaondoa fedha yote iliyobeba picha, unarudishiwa mkanda mweupe kama plastiki ya kufungia daftari na hakuna fundi wa kukuokoa. Kabla hujaacha filamu mahali uliza kabisa wanasafisha nyeusi na nyeupe kwa dawa yake? Wakisitasita ondoka. Au chukua XP2 Super, ni ya Ilford pia ila hiyo imetengenezwa kwa C-41. Bora zaidi jifunze kusafisha mwenyewe, tangi, dawa tatu, kipimajoto na mfuko mweusi wa kuhamishia filamu gizani, chumba cha giza sio lazima kama negativu utaziskani.

Nani asinunue? Mtu wa harusi na matukio, mtu anayetaka picha leo jioni, na yule anayepiga mia tatu ili achague moja. Na kama huwa unawavizia watu kwa lenzi ndefu kutoka upande wa pili wa barabara, hii filamu haitakubadilisha, lenzi ya 35 inakulazimisha uwe karibu kiasi kwamba mtu anakuona, ukimtabasamia akakataa unashusha kamera yanaisha. Kwa wengine wote, nunua makopo mawili sio moja, la kwanza utalimaliza haraka kwa kiherehere, la pili ndo utaanza kuona.