Ramani au mchoro wa nukta: jeni za vimelea vya malaria tuzionyesheje?

Wanaochambua jeni za Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, hawaachi kuulizana: matokeo yawekwe kwenye ramani ya dunia yenye viduara vinavyoonyesha asilimia ya vimelea vyenye badiliko fulani la jeni, au kwenye mchoro ambao kila sampuli ni nukta, na zinazofanana kijeni hukaa karibu?

Kwa kueleweka haraka, ramani haina mpinzani. Gharama yake pia ni ndogo: jeni moja, kelch13, inatosha kufuatilia usugu dhidi ya artemisinini, dawa kuu ya malaria. Mchoro wa nukta unadai maelfu ya alama za jenomu (jumla ya vinasaba vya kimelea), na sampuli mpya zikiingia, hesabu hurudiwa.

Penye ubishi ni uaminifu. Chukua R561H, badiliko la kelch13 linaloleta usugu, lililoonekana Kusini-Mashariki mwa Asia na pia Rwanda. Kwenye ramani lina rangi moja kotekote, na msomaji atadhani limesafiri kutoka Asia. Nukta zinaonyesha vimelea vya Rwanda vikiwa pamoja na wenzao wa Afrika. Badiliko lilizuka hukohuko. Kwa wapanga sera, tofauti hiyo ni kubwa mno. Tena kiduara cha sampuli 5 huonekana sawa na cha 500, kwa hiyo andika idadi pembeni, tafadhali. Nukta nazo huvurugwa na maambukizi mchanganyiko, ya kawaida sana Afrika, ambapo mgonjwa mmoja hubeba aina kadhaa za vimelea.

Unaandaa taarifa ya wizara kuhusu dawa? Anza na ramani. Ukitafuta usugu umetoka wapi, nukta zitakufaa zaidi, mradi jenomu nzima zimesomwa.