Seti ya biti nne za kung'olea skrubu zilizolika kichwa: kwenye mbao sawa, kwenye chuma chenye kutu hapana

Biti ni nne, namba 1 hadi 4, na kila moja ina ncha mbili: moja ya kuchonga, nyingine yenye meno yaliyojipinda kushoto ya kung'olea. Inafungwa kwenye drili yoyote ya kuchaji.

Wanaolalamika kwamba haikati, wengi wao wameacha drili ikizunguka mbele. Ncha zote mbili za seti hii hufanya kazi kwa rivasi. Ukizungusha mbele, ncha ya kuchonga inateleza na kupata moto, na makali yanaishia hapo hapo.

Weka mwendo wa chini, simamisha drili wima, kandamiza kwa nguvu. Chonga mpaka upate kishimo cha mviringo chenye kuta zinazong'aa, kina cha milimita 2 hivi. Usizidishe, maana kichwa bapa kikichongwa sana hukatika na kukuachia shina tupu ndani ya ubao. Futa chembe za chuma, geuza biti, kisha bonyeza swichi kidogo kidogo. Meno yatateleza kwanza, halafu utasikia mkononi yameuma. Hapo endelea kukandamiza, usiongeze mwendo.

Namba 2 na 3 ndizo za kazi. Namba 1 ni nyembamba mno, na ikikatikia ndani ya skrubu umejiongezea shida, kwa sababu chuma chake ni kigumu na biti ya kawaida ya kutobolea haikiingii vizuri. Skrubu nyeusi za jipsamu nazo zimekomazwa, kwa hiyo ncha ya kuchonga huwa inazipapasa tu.

Kwa skrubu iliyoganda kwa kutu kwenye chuma, seti hii siipendekezi. Kinachogoma pale ni nyuzi za skrubu zilizouma ndani ya chuma, si kichwa. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha, kisha tumia bisibisi ya kugongwa kwa nyundo, ambayo husukuma na kuzungusha kwa pamoja. Kichwa kikiwa kimejitokeza juu, plaizi ya kujifunga inatosha, wala huhitaji kununua chochote.

Halafu angalia biti unazotumia kila siku. Kichwa cha msalaba chenye mistari midogo minne katikati ya mikono yake ni PZ (Pozidriv), na biti ya PH (Phillips, ya msalaba wa kawaida) haikikai sawasawa. Skrubu nyingi huliwa kichwa kwa kosa hilo.