ODBC au JDBC kwa data iliyo kwenye seva ya mbali?

Tuseme programu yako ya wavuti inahitaji data ya faili la Access (hifadhidata ya Microsoft) lililo kwenye seva ya mafaili. Utumie draiva ipi, yaani programu ndogo ya kuiunganisha na data hiyo?

ODBC ni njia sanifu ya kufikia hifadhidata, ya Microsoft tangu 1992. Draiva yake husakinishwa kwenye mashine yenyewe, na hapo ndipo penye usumbufu. Programu ya biti 64 haiwezi kupakia draiva ya biti 32. Halafu usiandike Z:\data\mauzo.accdb: huduma ya wavuti huendeshwa kwa akaunti yake, na kwa kawaida hiyo Z, herufi uliyoipa folda ya mtandao kwenye akaunti yako, haiioni kabisa. Andika \\seva\data\mauzo.accdb, kisha uipe akaunti hiyo ruhusa ya kuandika kwenye folda nzima, maana Access huunda faili la kufuli, .laccdb, pembeni ya lile la data.

JDBC ni njia ya namna hiyo kwa lugha ya Java. Draiva nyingi ni faili moja la JAR (kifurushi cha msimbo wa Java) unalolipachika ndani ya programu, basi. Ila daraja la JDBC-ODBC, lililoiwezesha Java kutumia draiva za ODBC, liliondolewa kwenye Java 8, kwa hiyo Access itahitaji draiva kama UCanAccess.

Mimi ningebaki na ODBC kwa programu ya PHP inayosoma Access. Data ikiwa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL na programu ni ya Java, sioni sababu ya kuhangaika na ODBC.