Neno refu la Kifaransa: kulikata kuanzia mbele au nyuma?

Chukua internationalisation. Ukianzia mbele unapata in-ter-na-tio-na-li-sa-tion, silabi 8. Kwa imla inafaa, herufi hazipotei. Kasoro iko mdomoni: pumzi hukata njiani, na mzungumzaji wa Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, "SA-tion", ilhali Kifaransa hukaza ya mwisho.

Ukianzia nyuma: tion (tamka "syo" kwa puani, n yenyewe isisikike), kisha sation, lisation, nalisation, hadi neno zima. Hiyo s iliyo kati ya irabu hutamkwa z. Mkazo unajikalia mahali pake. Kwa kusoma kwa sauti, hii ndiyo bora.

Développement huzitega njia zote mbili: kwa maandishi dé-ve-lop-pe-ment, silabi 5, mdomoni 3 tu, kwani e za ve na pe humezwa.