Siku nne za kujitolea katika kambi ya tiba ya tamasha, Bagamoyo: uzoefu wangu

Kazi yangu ya kila siku ni kusinga maharusi, yaani kuwakanda na kuwasugua mwili kwa manukato, nayo nimeifanya hapa Bagamoyo kwa miaka kumi na minane. Kwa hiyo nilipopata tangazo la kambi ya tiba ya pamoja iliyokuwa ikitafuta watu wa kujitolea wakati wa tamasha moja la ufukweni, sikusita: nilijaza fomu, nikachagua nafasi ya ukandaji, nikatayarisha mafuta yangu ya nazi na kichupa cha mafuta ya karafuu. Siku ya kwanza nilipofika nilikabidhiwa daftari, kalamu na kiti cha plastiki, nikaambiwa kwamba wakandaji wametosha na mimi nitakuwa mpokeaji wa mlangoni. Nilinuna, wala sioni haya kulisema. Ninaandika haya kwa ajili ya wanaofikiria kujiandikisha, kwa kuwa fomu ile inataja majina ya nafasi tu, bila kueleza mtu atakuwa akifanya nini tangu asubuhi hadi usiku.

Wazo la kambi lilitoka mbali. Mratibu wetu, kijana wa Kitanzania, aliwahi kujitolea katika kambi ya namna hiyo huko Marekani, kwenye tamasha la Burning Man, ambalo lilianza mwaka 1986 katika ufukwe mmoja wa San Francisco, likahamia jangwa la Black Rock, jimbo la Nevada, mwaka 1990, na siku hizi hukusanya watu wapatao 70,000 mwishoni mwa Agosti. Huko karibu hakuna kinachouzwa isipokuwa barafu. Kila mtu huja na maji na chakula chake, na alichonacho cha ziada hukitoa bure, ndiyo sababu wakandaji na wasikilizaji hupiga hema la pamoja na kumpokea yeyote anayepita bila kumdai chochote. Kwa mtu wa pwani hilo si jambo geni sana. Ni kama shughuli ya mtaani, huyu analeta sufuria na yule analeta mikono yake, isipokuwa hapa mikono imepangiwa zamu.

Kasoro ni kwamba baadhi ya mambo yalibebwa kutoka jangwani yakiwa mazima mazima. Black Rock ni ziwa lililokauka, vumbi lake lina magadi, na magadi hayo huichubua na kuipasua ngozi ya nyayo, hivyo wenyeji wa tamasha lile huosha miguu kwa maji yaliyotiwa siki kidogo ili kuyavunja nguvu. Sisi tulikuta madumu mawili ya siki yakitusubiri, pamoja na beseni na maelekezo, ilhali mchanga wa Bagamoyo haujawahi kumpasua mtu nyayo kwa magadi. Bibi mmoja aliyekuwa wa tatu kuoshwa aliinusa miguu yake, akamtazama kijana wa beseni, akamwuliza, "Mjukuu wangu, mnanitia achari?" Tangu hapo tukaosha kwa maji matupu na sabuni, na siki ikapelekwa jikoni kwenye kachumbari, ambako ilifanya kazi nzuri kuliko ilivyofanya kwenye beseni.

Hema nalo lilikuwa na kisa kama hicho. Kule jangwani pande za hema hufungwa ili vumbi lisiingie. Kwetu, pande zikifungwa katika joto lenye unyevu wa bahari, waliolala kwenye mikeka huloa jasho kabla hawajaguswa. Mchana wa kwanza tuliyakunja maturubai ya pembeni, upepo wa bahari ukapita, kila mtu akapumua. Lakini mara tulipoyakunja, wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na mimi niliyekaa mlangoni ndiye niliyeona. Mama wa makamo, aliyekuja na binti yake, aliinama karibu na sikio langu akauliza taratibu, "Dada, humo ndani kuna mwanamke anayekanda? Na tunalala hivihivi, watu wanatuona?"

Nilituma mtoto nyumbani akaniletee kanga. Zilikuja doti tatu, tukazifunga kwenye kamba ya katani kwa vibanio vya nguo, kimo cha kifua cha mtu aliyesimama, ili upepo upite juu na chini lakini aliyelala asionekane, kisha tukatenga upande huo uwe wa wanawake kwa wanawake. Foleni ilirudi kabla ya alasiri. Mratibu alikuja, akalitazama lile pazia, akaniuliza kwa nini sikusema mapema. Nilimjibu kwamba mapema nilikuwa nikijifunza kushika kalamu.

Kuhusu nafasi yenyewe ya ukandaji, niseme kama mtu wa kazi hiyo. Kila mgeni hupewa dakika ishirini, akiwa na nguo zake, amekaa au amelala kifudifudi, na mkandaji anatakiwa kuomba ridhaa kabla ya kuanza na kuiomba tena kabla ya kuhama, tuseme kutoka mabegani kwenda kiunoni. Mwanzoni niliona ni maneno mengi, kwa kuwa mwali ninayemsinga hukabidhiwa kwangu na shangazi yake na hakuna anayemwuliza lolote. Baada ya kuwaona wageni wakilegea kila wanapoulizwa, nimeanza na mimi kuwauliza maharusi wangu. Dakika ishirini ni chache kwa mgongo wa mchukuzi wa samaki, ila foleni hairuhusu zaidi.

Jambo ambalo kambi ilistahili sifa ni mipaka yake. Alikuja bwana mmoja na pembe zake, akitaka naye ajitolee kuumika watu, akaambiwa kwa heshima kwamba haiwezekani. Kuumika kunatoa damu, na hapakuwa na njia ya kuaminika ya kusafisha vifaa baina ya mtu na mtu. Isitoshe, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka mganga awe amesajiliwa na Baraza la tiba hizo, naye hakuwa na cheti cha kuonyesha. Dawa za kunywa, za mitishamba au za hospitali, hazikutolewa hata kwa waliozililia.

Nafasi za jikoni na za kupiga mahema zinamfaa kijana mwenye nguvu na asiyependa kuzungumza. Sina la kuongeza hapo.

Mlangoni ndipo nilipokuja kupaelewa kwa kuchelewa. Kazi ya daftari ni kuandika jina moja, umri, na sehemu inayouma, lakini mtu wa pwani hakuambii panapouma kabla hamjamaliza salamu, na salamu zikienda vizuri mara nyingi hugundua kwamba hakuja kukandwa. Wapo waliokaa kwenye benchi nusu saa, wakaeleza habari za mtoto asiyepiga simu, wakanywa maji, wakashukuru, wakaondoka. Niliwaandika kwenye safu ya "wamehudumiwa", na nikaulizwa wamehudumiwa na nani.

Alikuwapo pia mzee mvuvi aliyekuja siku tatu mfululizo kwa ajili ya bega la kushoto. Siku ya tatu nilimwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia marahaba kwa pumzi fupi, akaiweka kofia yake juu ya paja, akaanza kujifuta jasho hali ya kuwa upepo ulikuwa unavuma. Nilimwuliza kama bega linauma akivuta wavu. Akasema hapana, linauma akipanda ngazi, na linashuka mpaka kifuani. Sikumwandika. Nilimwita kiongozi wa zamu, tukamweka kwenye bajaji pamoja na mjukuu wake hadi hospitali, nao wakambakiza kwa uangalizi. Mkandaji angemlaza kifudifudi.

Malalamiko ninayo, na nimeyawasilisha kwao kwa maandishi. Mwongozo wa wanaojitolea ulikuwa wa Kiingereza kitupu, kurasa kumi na moja, katika kambi ambayo wengi wetu tulikuwa wa Dunda na Magomeni, kata za hapa hapa Bagamoyo. Kijana wa mapokezi alitufasiria kwa mdomo, na kila alipofasiri kanuni zilipungua. Zamu ya jioni ilianza saa kumi na mbili na kwisha saa nne usiku, maana yake magharibi na isha zote zinaingia humo, na hakuna aliyepangwa kupokea mlango. Siku ya pili tulipeana zamu wenyewe kwa wenyewe. Nauli ni ya mfukoni mwako, chakula ni cha kambi, wali maharage mara nyingi, na ukibahatika dagaa.

Asubuhi ya mwisho tulijipanga mstari mmoja, bega kwa bega, tukatembea polepole kutoka mnazi wa kwanza hadi majini tukiokota kila kisicho cha ufukwe, kama wanavyofanya kule Nevada wanapolisafisha jangwa lao. Mimi nilipata vifuniko vya soda vingi, kandambili moja ya mtoto, na vibanio vyangu viwili vya nguo.

Kwa ujumla ninawapa nyota nne kati ya tano. Fomu ya mwaka ujao imeshatoka, bado ni ya Kiingereza. Nimeijaza: penye nafasi nimeandika mlangoni, na penye vifaa nitakavyokuja navyo nimeandika kanga doti tano, kamba, na kiti changu mwenyewe, kwa sababu kile cha plastiki kina mguu uliopasuka.