CD4066 na CD4017: swichi ya sauti isiyokwaruza, inafaa au haifai?

Habari zenu wadau, na nyie mafundi wenzangu mliopo benchi saa hizi. Leo kutoka hapa Ngamiani, Tanga, tunachambua IC (chipu) mbili za bei chee, CD4066 inayowasha na kuzima sauti na CD4017 inayohesabu mibonyezo ya batani, tuone kama zinaweza kuchukua nafasi ya ile swichi ya kuzungusha kwenye ampli, ile ya kuchagulia redio, simu, laptopu ya diijei na kadhalika.

Kwa nini tuhangaike nayo? Sisi watu wa pwani tunaijua shida, upepo wa bahari una chumvi, ampli ikizeeka kidogo swichi inaanza krrr krrr, upande mmoja unakata, unapuliza dawa inapona, baada ya muda inarudi palepale, tena inachagua siku ya shughuli. CD4066 haina vyuma vya kugusana. Ndani kuna swichi nne za transista, kila moja na mguu wake wa kuamrisha: mguu ukipata volti ya juu sauti inapita, ukishuka hadi sifuri sauti inakatika. Na hapa mbele kwenye kava unaweka batani tu, waya wa sauti haufiki huko, kwa hiyo hata mivumo inapungua.

Sasa sikilizeni hapa maana ndo wengi wanakwama halafu wanaisema IC vibaya. Sauti ina nusu inayopanda juu ya sifuri na nusu inayoshuka chini yake, na hii IC ukiipa 12V na graundi tu haiwezi kupitisha vizuri kilicho chini ya graundi, unasikia sauti imechanika kama spika imetobolewa na panya. Dawa yake ni kuitafutia sauti makao katikati. Chukua rizista mbili za 10k kutoka 12V kwenda graundi, katikati yake unapata 6V, weka na kapasita ya mikrofaradi 47 hapo ili itulie, halafu kutoka hapo peleka rizista ya 100k kwenye kila mguu wa kuingilia sauti na wa kutokea. Sauti yenyewe iingie na itoke kupitia kapasita ya mikrofaradi 1, hiyo DC, yaani ile 6V iliyotulia, isivuke kwenda kwenye ampli.

Ona mita hii, mguu wa 1 na mguu wa 2 wa CD4066, yaani wa kuingilia na wa kutokea, kote karibu 6V, na swichi hapa imezimwa. Ndo maana ukibadilisha husikii ule mshindo wa "pwaa" kwenye sabufa, pande zote mbili ziko sawa, hakuna kapasita inayojaa ghafla.

Usiiendeshe kwa 5V kama 12V unayo. CD pleya ya kawaida inatoa mpaka volti 2 rms (kipimo cha aina ya wastani), hiyo toka juu mpaka chini ni kama 5.6V, haienei. Halafu ukinzani wa ndani kwenye datashiti ni kama omu 125 kwa 15V ila kwa 5V unapanda mpaka 470 hivi, na unabadilikabadilika sauti inavyopanda na kushuka, huko ndo sauti inapoharibika. Ampli yenye ukinzani wa 47k pale sauti inapoingia haitajali sana, lakini kwa nini ujitafutie.

CD4017 kazi yake ni kuhesabu: bonyeza batani, moto, yaani volti ya juu, unahama mguu wa 3, wa 2, wa 4, wa 7, kila mmoja unawasha swichi yake. Wa 10 urudishe kwenye wa 15, inaanza upya. Batani isirukeruke weka 100k kwenda graundi na mikrofaradi 1 sambamba nayo kwenye mguu wa 14, ule unaopokea mibonyezo, huo mguu hausumbuliwi na volti inayoshuka polepole, umetengenezwa hivyo. Stirio ni CD4066 mbili, miguu ya kuamrisha mnaunganisha pamoja, basi.

Mkienda dukani someni namba mgongoni mwa IC. 74HC4066 miguu inafanana kabisa ila ukiipa 12V unaweza kuiua. Na nyie watu wa Arduino, ile bodi ndogo ya kuprogramu, 5V yenu haitoshi kuamrisha CD4066 iliyo kwenye 12V, chukueni CD4052, IC nyingine ya kuchagulia sauti, ile ina mguu wa 7 wa volti hasi, unaipa +5 na -5, unaiamrisha kwa 5V ya kawaida na sauti inapita bila hata zile rizista za 6V, mimi naipenda zaidi sema inataka pawa saplai ya pande mbili na wengi wetu tuna adapta tu.

Naipa 8 kwa 10. Moja nimekata kwa huo usumbufu wa 6V, nyingine kwa sababu ni ya sauti ndogo tu, kabla ya ampli. Waya wa spika usiupitishe humo hata kwa kujaribu, wa spika chukua rilei.