Gesti ya Raskazone: wifi yangu kaipa nyota moja, mi naipa tatu

Haya jamani, nimesoma alichoandika wifi yangu kuhusu ile gesti ya Raskazone hapa Tanga nikaona na mimi niandike, maana tulilala wote siku nne, vyumba vinatazamana, halafu yeye kaweka nyota moja na kusema mwanawe kapata malaria pale. Jina la gesti silitaji, meneja tumeshaongea naye yakaisha, wenyeji wa Tanga mtaijua wenyewe. Wifi ukisoma usinune, nakupenda, ila malaria hiyo haipo.

Tupige hesabu kidogo. Wametua Dar Jumatano usiku wakitokea Birmingham, Alhamisi wakapanda basi kuja Tanga, Jumamosi mtoto ana homa na anaharisha. Mbu akishakuuma vile vijidudu vinaenda kujificha kwenye ini kwanza, mpaka uanze kuumwa ni kama siku 7 au zaidi, sasa siku mbili tatu, hata mbu wa kwetu hawana haraka hiyo. Na zahanati tulienda, wakamtoboa kidole, tukakaa kama robo saa kusubiri kipimo, hamna kitu. Mi namlaumu yule wa juisi ya miwa pale stendi, glasi imejaa barafu ya maji usiyoyajua yametoka wapi, nilisema asipewe nikajibiwa "muache azoee kwao". Haya, kazoea.

Na hapo ndipo gesti ilipopata nyota yake ya kwanza. Bi mkubwa wa jikoni, mama mtu mzima wa Kidigo, alivyosikia mtoto anaharisha hakusubiri kuombwa, kachemsha maji yakatokota sawasawa, kayapoza, kaleta kwenye chupa na kijiko chake, tukakoroga ORS, ule unga wa kurudisha maji mwilini, tukawa tunampa kidogo kidogo usiku kucha. (Someni pakiti ya ORS jamani, nyingine ni ya nusu lita nyingine ya lita nzima, watu wanakoroga kwa kukisia tu.) Chakula chake pia sina neno, samaki changu wa nazi na wali vinakuja vinafuka moshi, kachumbari mi mwenyewe nilimwambia wageni asiwape, akanielewa.

Nyota ya pili ni chumba. Elfu 60 na chai asubuhi, shuka safi, AC inafanya kazi, bahari unaiona ukiwa kitandani. Basi.

Sasa twende kwenye vyandarua, maana hapo wifi ana haki yake ingawa ugonjwa kakosea. Chumbani kwangu kilikuwa cheupe peee kinanukia, nikamsifu dada wa usafi, akaniambia kwa furaha kabisa "tunafua kila wiki dada, kwa Jik, tunaanika juani". Nikachoka. Chandarua cha dawa hakifuliwi kwa Jik na hakianikwi juani, dawa yote inakwisha, unabaki na kitambaa cha matundu, mbu anatua juu yake anapumzika kama yupo kwake. Kinafuliwa mara chache kwa sabuni ya kawaida na kinaanikwa kivulini. Na cha wifi kilikuwa na tundu la kupitisha ngumi, wamelifunga fundo na uzi wa kushonea magunia, tena kifupi, kitanda ni sita kwa sita ukichomeka upande huu upande wa pili unachomoka. Umeme ulivyokatika saa sita usiku AC ikazima, dirisha la choo halina wavu, mnajua wenyewe kilichofuata. Mbu wa malaria saa zao ni hizo, usiku wa manane.

Ila kilichoniudhi zaidi wala sio cha usiku. Nyuma ya jiko kuna lundo la vifuu vya madafu, wageni wanakunywa madafu kutwa nzima vifuu vinatupwa pale, mvua imenyesha vimejaa maji, nimechungulia kimoja naona viluwiluwi vya mbu vinachezacheza. Hao ndio wale wenye miguu ya madoadoa meupe, wa homa ya dengi, wanauma mchana, asubuhi na jioni jioni watoto wakiwa barazani, chandarua chako hapo kitakusaidia nini? Na tusijifanye tumesahau, 2019 dengi ilipiga Dar na hapa kwetu Tanga, watu walikuwa wanapima malaria hakuna, wanarudi nyumbani viungo vinauma kama wamepigwa. Homa ya namna hiyo usimeze diklofenaki wala brufeni wala asprini, zinaweza kukuletea kutokwa damu, meza panadol na uende ukapimwe. Nilimwambia meneja, akacheka akasema "mbu wa mchana hawana neno". Nyota mbili kati ya tano nimezikata hapo hapo.

La mwisho ni la wifi mwenyewe. Mtoto anamezeshwa Malarone, dawa ya kuzuia malaria, kila siku, vizuri, na asisahau kumpa siku 7 zingine wakisharudi. Yeye mama mtu hamezi chochote, anasema kazaliwa Makorora mbu wanamjua. Wifi yangu, una miaka 14 Uingereza! Ile kinga tuliyonayo huku inatokana na kuumwa mara kwa mara, ukihama inapotea, wewe sasa hivi ni mgeni kama mgeni mwingine, waja leo waondoka leo. Ukirudi huko ukapata homa, iwe wiki ijayo iwe miezi mitatu ijayo, usiseme mafua, nenda siku hiyo hiyo na neno la kwanza kumwambia daktari liwe nimetoka Tanzania.

Kwa wanaotaka kwenda, nendeni, ila bebeni chandarua chenu na dawa ya kupaka, na ombeni chumba cha juu.

Jana meneja kanitumia picha wosapu, vyandarua vipya vinne bado vipo kwenye mifuko yake, nyota ya tatu ndiyo hiyo. Nimemuuliza na vifuu je, ujumbe una tiki mbili za bluu mpaka sasa.